Mafuta ya Baba Hayakuganda

Kijijini kwetu uaminifu wa mtu hupimwa kwa baridi. Zeituni zikishakamuliwa na usiku wa kwanza wa baridi ukaingia, kila mwanamke anayejiheshimu huweka glasi ya mafuta mapya nje, kwenye ukingo wa dirisha. Asubuhi huifuata hata kabla hajanawa uso. Akiikuta imeganda, nyeupe, imara, basi mafuta ni safi na mwenye mafuta ni mtu. Akiikuta bado inamiminika, basi yamechakachuliwa kwa mafuta ya mahindi au ya alizeti, na aliyeyatoa hastahili salamu. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza kipimo hiki kilitoka wapi. Kilikuwepo tu, kama vilima vya Ajlun vilivyokuwepo.

Kwa kipimo hicho Baba yangu aliitwa mwizi.

Ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Suhaib alisimamisha gari mbele ya nyumba yetu, akashusha debe la mafuta, akaliweka mlangoni, na juu ya debe akaweka glasi. Hakubisha hodi. Hakumsalimu Mama aliyekuwa amesimama dirishani. Baba alikuwa akipanda njia pamoja na majirani, wote wakasimama, maana debe lile walilijua. Baba mwenyewe alikuwa amelibeba begani siku tulipokwenda kumposea kaka yangu Qutaiba dada yake Suhaib, Rawan. Ndiyo desturi: posa ikikubaliwa, mafuta ya mwaka ule kutoka kwao mume huenda kwao mke, wakayaonje.

Baba aliinama, akaishika glasi, akaiinamisha. Mafuta yakakimbilia upande mmoja, ya kijani, mepesi, mazuri vilevile kama siku yalipotoka kinuni. Niliuona uso wake ukifunguka kwa mshangao, kisha ukafungwa kama mlango.

"Hayakuganda," mtu mmoja nyuma yake akasema kwa upole, kama anayemwambia mwenzake kuwa kifungo cha shati kimefunguka.

 Baba aliingiza debe ndani na kufunga mlango, na majirani waliokuwa wamealikwa chai wakakumbuka shughuli zao.

Mama alipiga simu palepale. Mama yake Rawan, Umm Suhaib, hakukwepa. Alisema aliweka glasi ya mafuta yetu na glasi ya mafuta ya nyumbani kwake kwenye dirisha moja, usiku mmoja. Asubuhi, ya nyumbani kwake aliikata kwa kisu. Ya kwetu ungeweza kufuga samaki ndani yake. Alisema amewauliza jirani zake, na jirani wa jirani zake, na mafuta ya kijiji kizima yameganda isipokuwa ya nyumba moja.

"Dada yangu, mimi sina neno na wewe," alimalizia. "Lakini baridi haina shemeji. Na binti yangu simpeleki kwa watu wenye mkono kwenye debe."

Mama alikata simu akakaa sakafuni. Qutaiba alikuwa ameegemea ukuta, amesikia yote, kwa kuwa Umm Suhaib huongea na simu kama anayeita mbuzi mlima wa pili. Kaka yangu ni mtu wa maneno mengi na mzaha wa kuudhi. Siku ile alivua tu saa ambayo Rawan alimpa siku ya posa, akaitazama, akaivaa tena.

Ngoja nieleze kuhusu kinu. Kinu cha kukamulia zeituni kijijini ni cha Ami Fawaz, kaka yake Baba aliyemtangulia kuzaliwa. Watu humpenda. Akikuona barabarani atakupa tende, atauliza goti la bibi yako linaendeleaje, na goti atalitaja la upande ulio sahihi. Watu hupeleka magunia yao kinuni asubuhi, huyaacha, hurudi jioni kuchukua mafuta. Baba peke yake hakuwa na tabia hiyo. Yeye huketi juu ya gunia lake tangu linapofika mpaka tone la mwisho liingie debeni, anakula mkate wake palepale, hata chooni haendi. Watu walimcheka. Walisema Abu Qutaiba, yaani Baba, anamchunga kaka yake kama jogoo anavyochungwa na mbweha, au ni mbweha anayechungwa na jogoo? Ami Fawaz alicheka kuliko wote.

Na mwaka ule mafuta ya kijiji yalianza kuganda mapema. Tulikuwa bado tunakula nje uani, jua likitupiga mgongoni, na tayari mitungi ya watu ilikuwa imefanya weupe chini, kama maziwa yaliyolala. Wanawake walipigiana simu kwa furaha. Wakasema ni neema, mwaka wa mafuta safi ambao haujapata kuonekana. Mitungi yetu ilibaki kijani mpaka chini. Mama alisema tungoje, baridi bado.

Siku ile ya debe, Ami Fawaz alikuja jioni kabla ya magharibi, na bakuli la mafuta yake mkononi, limefunikwa kwa kitambaa. Alimkumbatia Baba kwa muda mrefu. Akamwambia Qutaiba asiwe na uso wa mjane, mambo yatatengenezwa. Kisha akayatengeneza. Baba angekwenda Ijumaa inayofuata kwenye baraza ya ukoo wa kina Suhaib, pamoja na wazee, na pale angesema kwamba debe lake lilichanganyika kwa bahati mbaya na mafuta mengine. Angeomba radhi. Ami angepeleka debe jingine kutoka kwenye pipa lake, lililoganda vizuri, na harusi ingeendelea.

"Neno moja tu, Abu Qutaiba," Ami alisema. "Unalisema, wanakunywa kahawa, yameisha."

Nilingoja Baba amfukuze. Baba alisema, "Sawa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimwambia hakuchanganya kitu, mimi mwenyewe nilifunga madebe yale, sasa anakwenda kukiri nini? Baba alisema watu wazima wanaongea. Ami alinipapasa kichwa, nami nina umri wa kuolewa mara mbili, akasema, "Buthaina ana moyo wa simba, Mungu amjalie na mdomo wa njiwa."

Walipotoka nilibaki jikoni na lile bakuli. Mama alikuwa amelisogeza karibu na tanuri ili ayahamishe mafuta na kulirudisha. Tanuri lilikuwa likiwaka tangu alasiri, ukuta wake ukiwa wa moto kiasi cha kukausha soksi, na mafuta ya Ami yalikuwa yamekaa pale pembeni, meupe, yametulia, hayana habari na moto. Niliyatazama. Nilichota kidogo kwa kidole. Yaliteleza kidogo, kisha yakang'ang'ania. Niliyaweka ulimini: harufu ya zeituni ilikuja na kuondoka upesi, ikaacha utando juu ya kaakaa, kama nimelamba mshumaa.

Utando ule niliujua. Niliwahi kufanya kazi mjini Irbid kwenye duka la kunafa, ile tamu ya jibini na sharubati, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua maboksi ya mafuta mazito ya kukaangia, yale meupe yanayotoka kwenye michikichi. Yale huganda kwa baridi ya kivulini tu. Huhitaji dirisha wala usiku. Ukiyaacha mezani yanakuwa jiwe, na mikono yako inanuka biskuti mpaka Eid.

Nilikaa. Kisha nikasimama, kwa sababu miguu ilikataa kukaa.

Mwenye kuchanganya mafuta ya mahindi hukamatwa na dirisha. Lakini mwenye kuchanganya mafuta ya mchikichi, dirisha linampigia makofi. Mtu alikuwa amekijua kipimo chetu vizuri kuliko sisi, akatupa kile tulichokuwa tunakitafuta. Mafuta safi ya watu yalikuwa yamekwenda kuuzwa mjini, na watu walikuwa wamerudishiwa haya. Na nyumba pekee ambayo glasi yake haikuganda ilikuwa nyumba ya mtu aliyekaa juu ya gunia lake hata chooni asiende.

Sikumwambia mtu kwanza. Nilitaka kuona. Niliweka mtungi mdogo wa mafuta yetu kwenye kibanda cha kisima, ambako jua halifiki, na theluji ilipoanguka siku chache baadaye niliufuata kila asubuhi. Mafuta yetu hayakuwa na haraka. Kwanza yalipoteza ung'avu, kama macho ya mtu anayesinzia. Halafu punje ndogo za njano zikaanza kushuka chini, moja moja, kisha nyingi, zikashikana. Baridi ilipozidi kuuma, mtungi mzima ulikuwa mzito, wa rangi ya siagi. Niliugeuza chini juu na halikudondoka tone. Nilichota kipande nikakiweka kiganjani, na kabla sijamaliza kufunika mtungi kilikuwa kimeshakuwa mafuta, kijani, yanatiririka kwenye mkono wa sweta langu.

Nililia pale kisimani. Yalikuwa yanaganda kumbe. Yalitaka tu baridi yake.

Nilikimbia nyumbani na mtungi. Baba alikuwa peke yake kwenye tanuri, anachochea moto kabla Mama hajaleta unga. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: bakuli la Ami, mafuta ya kunafa, kibanda cha kisima. Nilimwonyesha kiganja changu. Nilisema hana haja ya kwenda kuomba radhi, tuna ushahidi, Qutaiba ataoa na yeye kichwa chake kiko juu.

Baba alikuwa akikatakata boksi. Tangu mwanzo wa msimu alikuwa akituletea maboksi kutoka kinuni, na Mama aliyasifu kuliko kuni za mwaloni kwa jinsi yalivyoshika moto. Baba alitia kipande kimoja, kikalipuka. Akachukua kingine. Na kwenye kile kingine, kabla hakijaingia motoni, niliona picha: nusu ya mti wa mchikichi, umekatwa shinani.

Nilikuwa nimefungua mamia ya maboksi yale Irbid.

"Baba," nikasema.

Alitia kipande motoni. Hakunitazama.

"Najua," akasema.

Mpaka leo nikifumba macho nalisikia neno lile. Hakulisema kwa aibu. Alilisema kama mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa amekiweka chini mbele ya mwingine.

Alijua tangu msimu uliopita. Aliyaona maboksi, akamwuliza kaka yake, na Ami akaapa ni mara moja tu, kinu kinahitaji mtambo mpya, mwakani haitatokea. Mwaka huu ikatokea. Baba akaamua mambo mawili: kuketi juu ya gunia lake, na kuyachoma maboksi asiyaone mwingine. Nilimwuliza kwa nini. Akasema baba yao alipokufa Fawaz alikuwa bado hajaota ndevu, akaacha shule akaingia kinuni, akamvalisha yeye viatu na kumpeleka shule kwa mkono. Akasema, "Mtu aliyekuvalisha viatu humvui nguo mbele za watu."

"Na majirani? Wanawakaangia watoto wao mafuta yale."

"Nililinda nyumba yangu, Buthaina."

"Nyumba yako inaitwa ya wezi."

"Waite." Alipangusa mikono. "Nitasema neno lile, Qutaiba atapata mke wake, na wewe utanyamaza. Ni amri."

Tangu utotoni nilikuwa nikimwona Baba mtu mrefu. Siku ile aliinuka kutoka kwenye tanuri na nikashangaa kwamba ananifikia puani.

Ijumaa walikwenda. Baba, Ami Fawaz, Qutaiba na wazee wa upande wetu waliketi kwenye baraza ya kina Suhaib, na Abu Suhaib, babake Rawan, akawapokea mlangoni kama inavyopasa. Kahawa ikamiminwa. Kikombe cha Baba kikawekwa chini mbele yake, maana aliyekuja na ombi hanywi mpaka ombi likubaliwe. Haya nilisimuliwa na Qutaiba baadaye. Mimi wakati huo nilikuwa nje kwenye theluji na sinia: glasi yenye mafuta yetu kutoka kisimani, glasi yenye mafuta ya Ami, na kijiko. Mwanamke haingii baraza ile wanaume wakiwa na kikao. Nilisikia Baba akikohoa kusafisha koo, nikajua neno linakuja, nikasukuma mlango.

Zilikuwa nyuso nyingi na zote zilifunguka midomo pamoja. Mzee mmoja alishusha shali usoni kana kwamba nimeingia uchi. Baba alinyanyuka nusu, akabaki hapo katikati, hajaketi wala hajasimama.

Nilikwenda moja kwa moja mbele ya Abu Suhaib, nikapiga goti kwa sababu ya sinia, si kwa sababu nyingine. Nilimwambia glasi zote mbili zimeganda, azitazame. Akazitazama. Nikamwambia anyooshe mkono. Sijui kwa nini alinyoosha. Nadhani ni mshtuko tu, mkono ulitii kabla ya kichwa. Nilimtilia kiganjani kijiko cha mafuta yetu.

"Haya ni ya Baba. Yalichelewa kwa sababu baridi ilichelewa."

Bonge lilikaa kidogo, likalegea, likawa kijani, likamtiririkia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Harufu ya zeituni ilijaa baraza. Mzee wa shali aliliondoa shali usoni.

"Mkono mwingine, ami," nikamwambia, maana mzee wa rika la Baba huitwa hivyo.

Nilimtilia ya kinuni. Yakakaa. Abu Suhaib aliyatazama, akafunga kiganja, akakifungua. Yalikuwa yamesambaa meupe kwenye mistari ya mkono, kama nta. Alitoa leso akajifuta, akajifuta tena, na vidole vikabaki vikinata. Akavinusa. Yeye huuza biskuti dukani kwake, sikuhitaji kumwambia.

"Haya ni ya wapi?" akauliza, sauti ndogo sana.

"Ya kinuni. Ndiyo mliyonayo majumbani. Wote mliomo humu, isipokuwa sisi."

 Niliona mtu mmoja akipeleka ulimi juu ya kaakaa lake, polepole, kama anayetafuta kitu alichokuwa nacho mdomoni mwezi mzima bila kujua. Mwingine alisema tu, "Mama yangu," maana mama yake ni mgonjwa na daktari amemruhusu mafuta ya zeituni peke yake.

Kisha wote wakamgeukia Ami Fawaz. Nilitegemea acheke, na kweli alianza kucheka, lakini kicheko hakikupata njia. Aliangalia mkono wa Abu Suhaib, akaniangalia mimi, halafu akamgeukia Baba na kusema kwa sauti ya mtu anayezama:

"Sema kitu, Abu Qutaiba. Si ulijua?"

Niliingia pale kumsafisha Baba, na nilikuwa nimemsafisha, labda kwa muda wa pumzi tatu. Sasa nyuso zilimgeukia yeye, na ule mshangao uliokuwemo machoni ulikuwa mbaya kuliko wa siku ya debe. Mwizi wanamjua, mwizi wanamwelewa. Mtu aliyeketi juu ya gunia lake akiwatazama wenzake wakiondoka na sumu yao kwa furaha, huyo walikuwa hawajamwona.

Baba hakukana. Alisema, "Ni kaka yangu."

Abu Suhaib alikaa na viganja vyake viwili vimefunguka magotini, kimoja kinang'aa, kimoja cheupe. Mwishowe alimtazama Qutaiba.

"Na wewe ulijua?"

"Wallahi sikujua, ami," Qutaiba akasema. Alikuwa analia waziwazi, mbele ya wanaume wote wale.

Abu Suhaib aliinama, akakichukua kikombe kilichokuwa mbele ya Baba. Kahawa ilikuwa imeshapoa. Akamruka Baba, akampa kaka yangu.

"Kunywa wewe."

Qutaiba alikunywa. Kwa hiyo ndiyo, harusi ipo, itakuwa wakati wa masika, na Umm Suhaib amekuja kwetu na sinia ya kunafa aliyoikaanga kwa samli, akasema mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwamba ni samli. Alimkumbatia Mama. Baba alipoingia, aliangalia pembeni. Kinu kimefungwa kwa kufuli za watu wa serikali. Watu wamemwaga mafuta yao bondeni, na bonde limebaki na mistari myeupe juu ya mawe ambayo mvua haikuweza kuiondoa. Ami Fawaz hatoki. Mkewe hupokea mkate mlangoni bila kuinua macho.

Na kila jioni Baba ananiambia jambo lilelile. Hapandishi sauti. Ananiambia niende kwa ami yangu, nimbusu mkono, nimwombe radhi kwa kumwaibisha mbele ya ukoo wa watu. Halafu nimwombe radhi yeye, kwa kuvunja amri yake. Wazee wawili wamekuja kuniambia vilevile, na wote wawili nimewaona wakimwaga mafuta bondeni. Mama hunifuata jikoni, hunishika kiwiko. Ananisihi niseme tu, hata kwa mdomo, moyo hakuna anayeuona.

Jana Baba alikuwa kwenye tanuri tena. Siku hizi tunatumia kuni za mwaloni, zinachelewa kushika. Aliuliza kama nimefikiri.

Nilimwambia nimefikiri. Nilimwambia namheshimu, nitamfulia, nitampikia, akiugua nitamlaza kwenye mikono yangu. Lakini nilichowawekea watu viganjani kilikuwa chao, nami siombi radhi kwa kuwaonyesha. Siombi kwa Ami. Na kwako, Baba, siombi.